Cheti ni Ushahidi, na Ushahidi ni Amana

Ndugu msomaji, yumkini umepata kusimama mbele ya meza ya mwajiri, ukaeleza elimu yako na kazi unazoziweza, kisha ukaambiwa: "Tumesikia. Sasa tuonyeshe vyeti vyako." Wako watu ambao huona uchungu kwa neno hilo. Husema: "Kwani mimi ni mwongo? Kwa nini nisiaminiwe?" Wengine hawasemi neno, bali hutafuta njia ya mkato, na njia hiyo huwapeleka mahali pabaya. Katika somo hili tutalitazama jambo hili kwa mizani ya dini: Je, mwajiri anayo haki ya kudai ushahidi? Naye mwombaji kazi, hasa aliyeingia katika Uislamu akiwa mtu mzima, yampasa afanye nini?

(Aya zinazotajwa humu zimehesabiwa kwa kuifanya Bismillahi kuwa aya ya kwanza ya sura. Ikiwa Kurani uliyo nayo haihesabu hivyo, punguza moja.)

Kila dai huhitaji ushahidi

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba Kurani Tukufu haimlazimishi mtu kukubali dai lisilo na ushahidi. Watu waliodai kwamba Pepo ni yao peke yao waliambiwa walete dalili ikiwa ni wakweli (2:112). Ikiwa hata katika jambo kubwa la wokovu mwenye kudai hutakiwa dalili, basi anayedai kwamba anajua kutibu wagonjwa, kuendesha gari moshi au kufundisha watoto, ataudhika vipi akiombwa ushahidi?

Tazama kisa cha Nabii Suleimani a.s. na Hudihudi. Alipofika na habari za nchi ya Sabaa, Nabii Suleimani hakumkadhibisha wala hakumsadiki papo hapo. Alisema kwamba ataangalia kama habari ile ni ya kweli au ya uwongo (27:28), kisha akampa barua aipeleke, ili jambo lenyewe lijulikane. Hudihudi hakuona kwamba amevunjiwa heshima. Mkweli haogopi kuchunguzwa, kwa kuwa uchunguzi humtenga na mwongo. Ikiwa hakuna uchunguzi, mkweli na mwongo huketi katika benchi moja, na anayepata hasara ni mkweli.

Tena Waislamu wameamrishwa kuandika mikataba ya deni na kuweka mashahidi, liwe deni dogo au kubwa (2:283). Amri hiyo haikuteremshwa kwa sababu masahaba walikuwa wezi. Iliteremshwa kwa kuwa binadamu husahau na hufa, na maandishi hubaki. Cheti nacho ni maandishi ya namna hiyo. Mwalimu aliyekufundisha yuko mbali au amekwisha kufa, lakini cheti hushuhudia badala yake.

Nguvu na uaminifu

Katika Sura Al-Qasas imesimuliwa jinsi Nabii Musa a.s. alivyofika Madyani akiwa mgeni asiyejulikana na mtu yeyote. Hakuwa na barua wala mdhamini. Aliwaona wasichana wawili wakingoja kunywesha wanyama wao, akawasaidia. Baadaye mmoja wao alimshauri baba yake amwajiri, akaeleza kwamba mwajiriwa bora ni yule mwenye nguvu na mwaminifu (28:27).

Maneno mawili hayo yanatosha kuwa sheria ya ajira yote. Nguvu ni uwezo wa kuifanya kazi yenyewe: kwa mwashi ni ujuzi wa kujenga, kwa mganga ni elimu ya tiba, kwa karani ni kujua hesabu. Uaminifu ni tabia ya kutodhulumu. Ukiwa na kimoja bila cha pili, hujatimia. Abu Dharr r.a. alikuwa mtu mwaminifu sana, lakini alipoomba apewe madaraka, Mtukufu Mtume s.a.w. alimweleza kwamba yeye ni dhaifu kwa jambo hilo, na kwamba madaraka ni amana. Habari hiyo imo katika mkusanyo wa Muslim. Basi ukweli wa moyo peke yake haukumpatia kazi asiyoiweza.

Tena angalia kwamba binti yule alisema kwa jambo aliloliona. Musa hakuwa na karatasi, lakini alikuwa na kazi iliyoonekana kwa macho na shahidi aliyekuwapo. Kumbe cheti ni njia moja ya ushahidi, na ziko nyingine. Jambo hili tutalirudia.

Naye Nabii Yusufu a.s. alipoomba asimamie hazina za nchi ya Misri, alitaja sifa zake za ulinzi na elimu (12:56). Kutaja ujuzi ulio nao, pale unapohitajiwa, si majivuno. Majivuno ni kutaja usio nao.

Kwa nini jambo hili ni zito

Chukua mfano wa Kidete, wilayani Kilosa. Kidete ni stesheni ya Reli ya Kati, kati ya Kilosa na Gulwe, katika bonde la mto Mkondoa. Reli hiyo ilifika Kilosa mwaka 1909, na tangu hapo wenyeji wa bonde hilo wameishi wakisikia mlio wa gari moshi. Wanajua pia hasira ya mto. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yaliharibu njia ya reli kati ya Kilosa na Gulwe, na safari zikasimama kwa miezi. Siku hizi, tangu mwaka 2024, treni za umeme za reli mpya nazo hupita wilaya hiyohiyo zikitoka Dar es Salaam kwenda Dodoma.

Sasa fikiri: mahali ambapo maji yanaweza kuondoa tuta kwa usiku mmoja, ni nani unayependa apime daraja? Ni nani unayependa ashike breki za treni mlimani? Tarehe 24 Juni 2002, karibu na Igandu, katika Reli ya Kati hiyohiyo, treni ya abiria ilirudi nyuma kwa kasi ikagongana na treni ya mizigo, na watu 281 wakafa. Msiba huo hatuutaji kwa habari ya vyeti, bali tukumbuke ni roho ngapi huwa mikononi mwa mfanyakazi mmoja na chombo kimoja. Abiria anayepanda Kidete na mtoto mgongoni hawezi kumhoji dereva. Amemwachia mwajiri amhoji kwa niaba yake. Kwa hiyo mwajiri anapodai cheti hajitetei nafsi yake tu; anailinda amana ya watu wasiokuwapo pale mezani. Kurani Tukufu imeamuru amana zipewe wanaozistahili (4:59).

Mtukufu Mtume s.a.w. amefundisha pia kwamba anayejitia uganga hali hajulikani kuwa na elimu ya tiba, ni juu yake kulipa madhara anayoyaleta. Fundisho hili limepokewa na Abu Daud na Nasai. Yaani nia njema haimwondolei dhima mtu aliyejitia kazi asiyoijua.

Uhakiki wa mwaka 2017

Katika Tanzania jambo hili lilijitokeza wazi. Kuanzia mwaka 2016 Serikali ilihakiki vyeti vya watumishi wa umma kwa kusaidiwa na Baraza la Mitihani la Taifa, ambalo liliundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Vyeti vilivyochunguzwa vilikuwa vya kidato cha nne, cha sita na vya ualimu. Tarehe 28 Aprili 2017, mjini Dodoma, taarifa ilikabidhiwa kwa Rais John Magufuli. Waliohakikiwa walikuwa 400,035. Walioonekana kuwa na vyeti vya kughushi walikuwa 9,932. Vyeti 1,538 vilikuwa vikitumiwa na watumishi 3,076, yaani cheti kimoja kwa zaidi ya mtu mmoja. Wengine 11,596 vyeti vyao havikukamilika. Waliobaki, 376,969, vyeti vyao vilikuwa halali.

Wenye vyeti vya kughushi waliambiwa waondoke kazini kabla ya tarehe 15 Mei mwaka huo, na wasioondoka wachukuliwe hatua za sheria. Wako walioondoka baada ya miaka mingi ya utumishi, wengine wakikaribia kustaafu. Mwaka 2022 Serikali ilitangaza kwamba watarudishiwa michango yao wenyewe waliyokuwa wakikatwa katika mishahara kwa ajili ya pensheni.

Katika habari hii mna mafunzo matatu.

Kwanza, uwongo huweza kulala muda mrefu, lakini haufi. Karatasi iliyoghushiwa ujanani humngoja mtu mpaka uzee wake, wakati ambapo ana watoto shuleni na hana nguvu za kuanza upya.

Pili, ni vibaya kumhukumu mtu kabla ya kuhakikisha. Baadhi ya waliotajwa walikata rufaa, na vyeti vyao vikaonekana kuwa halali. Ndiyo maana Kurani Tukufu imeamuru habari zichunguzwe, tusije tukawadhuru watu bila ya kujua kisha tukajuta (49:7). Uchunguzi ni wa kumtafuta mwongo na pia wa kumlinda asiye na hatia.

Tatu, asiye na cheti si sawa na mwenye cheti cha uwongo. Katika miaka hiyohiyo waliondolewa pia watumishi wenye elimu ya darasa la saba, kwa kuwa kidato cha nne kilikuwa kimefanywa sharti la kuingia katika utumishi wa umma tangu tarehe 20 Mei 2004. Mwaka 2018 Serikali iliagiza wale walioajiriwa kabla ya tarehe hiyo warudishwe kazini. Hao walisema tangu mwanzo: "Elimu yangu ni hii." Ukweli wao ndio uliowafungulia mlango wa kurudi.

Jina la cheti na jina la Kiislamu

Hapa tuna neno mahsusi kwa ndugu zetu walioingia katika Uislamu wakiwa watu wazima. Wengi hupenda kuchukua jina jipya. Kisha siku ya usaili mwajiri huona cheti kina jina moja, na barua ya maombi ina jina jingine. Anashuku, na hana kosa kushuku.

Kwanza ujue kwamba kubadili jina si sharti la Uislamu. Bibi Khadija, Umar, Uthman na Bilal r.a. walisilimu wakabaki na majina yao. Mtukufu Mtume s.a.w. alibadili majina yaliyokuwa na maana mbaya au yenye kumshirikisha Mungu. Hivyo basi, ikiwa jina lako ni la mzee wako na maana yake si mbaya, hakuna kinachokulazimisha kuliacha.

Ukiamua kulibadili, libadili kwa njia ya sheria. Usichukue kalamu ukafuta jina katika cheti na kuandika jingine, hata kama cheti ni chako mwenyewe. Siku unapofanya hivyo, cheti cha kweli kimegeuka kuwa cha kughushi. Nenda kwa wakili akuandikie hati ya kubadili jina, isajiliwe kwa Msajili wa Hati, kisha uiambatanishe na vyeti vyako pamoja na kitambulisho cha Taifa. Cheti kitabaki na jina la zamani, na hati itaeleza kwamba wenye majina hayo mawili ni mtu mmoja.

Maswali na majibu

*Swali: Mimi ni fundi. Nimejenga nyumba nyingi, lakini sikusoma chuoni. Je, nitafute cheti cha kununua?*

Jibu: La, hasha. Kununua cheti ni kununua ushahidi wa uwongo, na Mtukufu Mtume s.a.w. alihesabu ushahidi wa uwongo katika madhambi makubwa mno. Tena huna haja nacho. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, hurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunza kazini: fundi hupimwa kwa vitendo, na akifaulu hupewa cheti halali. Huko ndiko kupimwa kwa kazi inayoonekana kwa macho, kama alivyoonekana Nabii Musa a.s. kisimani. Pia wale uliowajengea ni mashahidi wako, waombe barua.

*Swali: Cheti changu kilisombwa na mafuriko. Nifanyeje?*

Jibu: Toa taarifa polisi upate hati ya upotevu, tangaza gazetini, kisha uliandikie Baraza la Mitihani kwa namba yako ya mtihani. Kumbukumbu za matokeo zimo humo. Maji ya Mkondoa hayafiki huko. Usichapishe kingine mtaani kwa kisingizio kwamba "hata hivyo nilifaulu." Ukweli haupewi nguvu na karatasi ya uwongo.

*Swali: Nilipokuwa mtoto nilifeli darasa la saba. Wazee na mwalimu waliniandikisha kurudia kwa jina la mwanafunzi aliyeacha shule. Nimesoma mpaka kidato cha nne kwa jina hilo. Je, cheti si changu?*

Jibu: Jambo hili limetokea katika vijiji vingi. Mtoto hana dhambi kwa jambo walilotenda wakubwa, na elimu iliyomo kichwani mwako ni yako. Lakini sasa wewe ni mtu mzima, na usiongeze uwongo wa pili juu ya ule wa kwanza kwa kula kiapo mbele ya hakimu kwamba jina lile ni lako tangu kuzaliwa. Kiapo ni kumshuhudisha Mungu. Mwone wakili, umweleze jambo lote kama lilivyokuwa, na uitafute njia ambayo sheria inairuhusu. Na ikiwa njia ni nyembamba, mtihani wa kidato cha nne hufanywa pia na watahiniwa wa kujitegemea wa umri wowote. Fanya mtihani kwa jina lako.

*Swali: Nilipata kazi kwa cheti kisicho changu kabla ya kusilimu. Nimeambiwa Uislamu hufuta dhambi zilizotangulia. Je, naweza kuendelea?*

Jibu: Ni kweli kwamba Uislamu hufuta yaliyopita. Lakini soma habari za Mughira bin Shu'ba r.a., iliyomo katika mkusanyo wa Bukhari. Kabla ya kusilimu aliwaua wenzake wa safari akachukua mali zao, kisha akaja kwa Mtukufu Mtume s.a.w. kusilimu. Mtume s.a.w. aliupokea Uislamu wake, lakini mali ile alisema hahusiki nayo kabisa. Dhambi na matunda yake ni mambo mawili. Toba ya kweli ina sehemu tatu: kujuta, kuacha, na kurudisha haki ya mtu pale inapowezekana. Anayeendelea kuketi katika kiti cha uwongo bado hajaacha, kwa kuwa kila asubuhi anapotia sahihi anarudia dai lilelile. Ni kweli ametoa jasho kwa kazi aliyoifanya, na hilo halikanushwi. Lakini nafasi ile alimnyang'anya mwingine aliyestahili. Na aondoke mwenyewe kabla hajaondolewa. Jambo hili ni gumu, na hatutaki kulifanya jepesi kwa maneno. Mshahara wa mwezi hulisha watu wengi. Lakini anayeacha kitu kwa ajili ya Mungu, Mungu hamwachi.

*Swali: Je, sheria ya nchi inasemaje?*

Jibu: Katika Tanzania kughushi hati ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake cha kawaida huweza kufika miaka 7. Anayeitumia hati akijua kwamba ni ya uwongo huhesabiwa sawa na aliyeighushi. Basi asijitetee mtu kwa kusema: "Mimi sikuichora, niliinunua tu."

Wajibu wa mwajiri

Haki ya kudai ushahidi ina wajibu wake. Mwajiri asidai cheti kikubwa kuliko kazi, akamtaka mfagiaji awe na elimu ambayo ufagio hauihitaji. Asiwachunguze wageni kwa ukali huku mpwa wake akiingia kwa mlango wa nyuma bila kuulizwa. Akishahakikisha vyeti halisi, awarudishie wenyewe, wala asivifungie kabatini kama rehani ili mfanyakazi asiondoke. Aviulizie kwa waliovitoa: vya sekondari kwa Baraza la Mitihani, vya vyuo vikuu vya nje kwa Tume ya Vyuo Vikuu, vya ufundi kwa mamlaka yake. Wala asisahau sehemu ya pili, yaani uaminifu. Cheti hueleza mtu alijua nini siku ya mtihani. Hakielezi kama ataiba. Kwa hilo wako majirani na waajiri wa zamani, na awaulize. Kisha, akishaajiri, alipe. Mtume s.a.w. ameagiza mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka.

Mwisho

Ndugu msomaji, wewe unayeitafuta dini ya kweli umezoea kuwauliza wenye kudai: "Dalili yenu ni nini?" Hiyo ni haki yako, na usiiache. Lakini anayewataka wengine dalili, na awe tayari kuulizwa yeye mwenyewe. Mtukufu Mtume s.a.w. kabla ya kudai utume aliishi kati ya watu wake miaka arobaini wakimwita Mwaminifu, na maisha yake hayo yakawa ushahidi ambao adui hakuweza kuukana (10:17). Vyeti vyetu ni vidogo mno mbele ya mfano huo, lakini njia ni ileile: kwanza mtu awe, ndipo adai.

Basi unapokwenda kwenye usaili, chukua vyeti vyako halisi, vipange kwa utaratibu, sema unalolijua na ukiri usilolijua. Ukiikosa kazi hali umesema kweli, umekosa kazi moja. Ukiipata kwa uwongo, utaulizwa juu yake hapa duniani au mbele ya Yule asiyehitaji kuonyeshwa karatasi.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, atupe nguvu za kuifanya kazi na uaminifu wa kuilinda. Amin.